Mkaa Usio na Moshi

Dada yangu hakuuawa na vita. Vita tulivipita, kambi ya wakimbizi tukaipita, akaja kufia Fort Worth, Marekani, chumbani, kando ya jiko la mkaa, umeme ulipokatika wakati wa baridi. Mimi niliamkia hospitali. Majina siandiki, ila wenye kosa nawajua: meneja aliyeacha kengele ya hewa mbaya bila betri, na mwalimu wa wageni aliyetusomea hatari za nyumbani, akauliza, "Mmeelewa?" Tukajibu wote, "Ndiyo!" Akafunga mkoba wake akaenda.

Kambini ndivyo tulivyofundishana. Mkubwa akiuliza, sema ndiyo, na jibu lako lifanane na la jirani. Aliyejibu la kwake, faili lake lilikwama.

Nikahamia Gulfton, hapa Houston. Siku moja akaja nesi Mkenya anayekaa Pearland, nje kidogo ya mji. Chuo fulani kilikuwa na maswali ya kupima watu wanajua nini kuhusu hewa na maji yanayodhuru afya. Yalikuwa ya Kiingereza, yeye ameyatia Kiswahili, sasa anataka kuona kama tunayaelewa. Tukakaa wanawake peke yetu kwenye ukumbi wa apartimenti. Meneja wetu alisimama mlangoni na kahawa yake. Simu zilikuwa zimeshatuonya: Ijumaa baridi kali.

"Moshi wa mkaa ndani ya nyumba unaweza kuua," nesi akasoma. "Kweli ama si kweli?"

"Kweli!"

Aliyepaza sauti kuliko wote ni jirani yangu wa ghorofa ya juu, mama wa watoto wanne, mgeni kabisa Marekani. Na asubuhi ile nilimwona akipandisha gunia la mkaa ngazini.

"Mama," nikamwuliza, "mkaa wako utauwasha wapi?"

"Nje, pale ngazini. Ukishakuwa mwekundu, moshi umeisha, ndiyo naingiza ndani. Miye si mjinga!"

Wenzake wakaitikia. Ndivyo mama zetu walivyofanya sikuzote, nyumba za kwetu zinapitisha upepo.

Mkataba wangu wa nyumba ulikuwa unakaribia kuisha, na mwenye kalamu ya kuusaini ni yule meneja wa mlangoni. Nikasimama hivyo hivyo.

"Huo mwekundu ndio unaoua. Hauna harufu, wewe unalala tu, huamki. Dada yangu aliingiza mwekundu." Nikamgeukia nesi. "Swali lako wamelijibu vizuri, na Ijumaa watakufa. Andika mkaa mwekundu."

Nesi akashusha kalamu. "Woi, pole sana dada. Lakini haya maswali yako approved, siwezi ku-change mwenyewe. Nitauliza wakubwa."

"Wakubwa wako watalala Gulfton Ijumaa?"

Jirani yangu akaniruka. "Weye unaniaibisha mbele ya watu! Hita yangu imekufa tangu niingie. Watoto niwafunike na karatasi zenu?"

Macho yote yakaenda mlangoni. Nesi akamwuliza meneja kwa Kiingereza. Akanywa kahawa kwanza, akajibu fundi yuko njiani.

"Tangu wakati wa joto yuko njiani," mama mmoja akasema. "Anakuja kwa miguu?"

Hakuna aliyecheka.

Ijumaa jioni nikapanda ngazi. Jiko lilikuwa nje ya mlango wake, makaa mekundu, hayana moshi hata kidogo. Akatoka na kitambaa cha kulishikia.

"Nipishe, mama."

"Sipishi."

"Watoto wangu wanatetemeka!"

"Walete kwangu. Hita yangu inafanya kazi."

"Na watu watasema miye ni ombaomba."

"Waseme."

Alisimama na kile kitambaa, upepo unatupiga wote wawili. Ndani mtoto akakohoa. Akaingia, akafunga mlango, nikabaki na moto. Nilifikiri ndiyo basi. Halafu mlango ukafunguka, watoto wakatoka na mablanketi vichwani, wadogo mbele. Yeye akanipita bila kuniangalia. Nikamwagia makaa maji, nikawafuata.

Walilala kwangu mpaka baridi ikaisha. Fundi hakuja. Nesi alinipigia simu: wakubwa bado wanalifikiria swali.