Kiti Kilichotoka Upanga

Mboni hajanunua nyanya tangu nimfahamu, na nimemfahamu miaka kumi na minne. Tunaishi nyumba moja Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Chumba chake na changu vinatazamana koridoni, kwa hiyo kila kinachoingia kwake nakiona. Mimi ni mshonaji, na macho yangu hayana adabu.

Nyanya anazipata kwa wauzaji wa jumla, saa tisa alasiri, wanapomaliza kuchambua matenga. Zilizopasuka na zilizobonyea huwekwa kando, wenyewe wanaziita masalo. Mboni husimama na beseni lake, wima kama mkaguzi wa serikali, wala hainami. Humuuliza muuzaji, "Umeachia?" Akijibiwa ameachia, ndipo anapookota, na akimaliza huacha mahali pale pasafi kuliko alivyopakuta. Akijibiwa bado, anaondoka, habembelezi mtu. Ijumaa wenye maduka wanapotoa sadaka, foleni ya wahitaji hujaa hadi kona, na yeye huipita na beseni lake kichwani. Husema yeye haombi, anaokota, na asiyeona tofauti hiyo shauri yake.

Bongo hii anaijua kwa siku zake. Kukiwa na mkutano Mnazi Mmoja, jioni yake huleta maji ya chupa ambayo hayajafunguliwa na maboksi ya wali ambayo wageni waalikwa wameyadharau. Upanga huenda asubuhi ya siku gari la taka linapopita, kwa sababu watu wa maghorofa hutoa vitu usiku wa kuamkia siku hiyo. Meza, feni, pazia, jiko la gesi la mafiga mawili, vyote vilitoka huko. Fundi hajawahi kumwita, anatengeneza mwenyewe kwa bisibisi na gundi, na kikimshinda kushona ananiletea mimi. Nimemshonea kwa miaka yote hiyo na kulipwa kwa nyanya, na sijaona hasara.

Alikuja mjini kutoka Lindi na mumewe, mpagazi wa hapahapa sokoni. Mume akafariki mtoto wao Sitara akiwa darasa la pili. Kwa hayo masalo na maboksi ya wali Sitara alikula, akasoma, akamaliza chuo, na leo ni muuza dawa katika duka moja la Upanga. Huko ndiko alikokutana na Haruna, kijana wa familia ya zamani ya pwani, na Haruna akasema atawaleta wazee wake kuposa.

Basi hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Sitara alikuja chumbani kwangu akilia, akaniomba viti vyangu vya sofa kwa siku moja tu. Alisema wageni hawawezi kukalishwa juu ya vitu vya jalalani, wakijua wataiacha posa na kwenda zao. Mimi nilikubali, tena haraka. Mboni akakataa. Alisema wanaokuja kuposa wanataka kujua binti anatoka wapi, naye atawaonyesha anakotoka. Nilimkasirikia na nikamwambia usoni kwamba anajivuna kwa gharama ya mtoto. Yeye aliendelea kupiga pasi lile pazia.

Wageni walifika Jumapili baada ya Adhuhuri. Alikuja Ridhiwani, baba mdogo wa Haruna, na Bi Zulekha, mama yake huyo Ridhiwani, ambaye ni bibi wa bwana harusi. Kwa upande wetu barua ilikuwa ipokelewe na Mbaruku, kaka yake Mboni kutoka Mbagala, maana barua ya posa huwa inapokelewa na mwanamume. Sitara, kama ilivyo desturi, hakutakiwa kuonekana. Alikaa chumbani kwangu, mlango wazi kidogo, na mimi nikaenda kwa Mboni kuwahudumia.

Bi Zulekha alipewa kiti kizuri kuliko vyote, cha mbao nyekundu chenye mikono mipana. Kitambaa chake nilikibadilisha mimi. Wengine tulikaa kwenye mkeka, isipokuwa Ridhiwani, ambaye alisimama na barua yake iliyofungwa kwenye leso nyeupe, akaanza kusifu ukoo. Alisema marehemu baba yake, Mzee Abdulmalik, alikuwa mtu wa sadaka, na wao wanafuata nyayo zake.

Bi Zulekha hakuwa akimsikiliza. Kiganja chake kilikuwa kikipapasa mkono wa kushoto wa kiti, mahali palipoungua kidogo. Aliinua ushungi wake akaangalia vizuri.

"Bi Mboni," akasema, "kiti hiki umekipata wapi?"

Mbaruku aliwahi kudakia kwamba kimetengenezwa Keko, kwa fundi mzuri sana. Mboni alimtazama kaka yake mpaka akainamisha kichwa.

"Nimekiokota, Bi Mkubwa. Upanga, kando ya pipa la taka, mwaka juzi. Kilikuwa kimelowa mvua na mguu mmoja umelegea."

Bi Zulekha akatueleza, taratibu, kwamba alama ile ya kuungua ni ya kaa la chetezo chake mwenyewe, alipokuwa akimfukizia mumewe udi. Mzee aliusia kiti chake apewe mtu asiye na pa kukaa. Yeye alikuwa ndani, eda haimruhusu kutoka, akamwagiza mwanawe, huyuhuyu Ridhiwani. Mwanawe akarudi na habari kwamba amempa mzee mmoja msikitini, na mzee huyo amemwombea marehemu dua ndefu.

Ridhiwani alianza kujitetea kwa ngazi za ghorofa, akaja kwenye usafiri, na alipoona haelekei popote akapandisha hasira. Aliirudisha barua mfukoni.

"Mama, tuondoke. Hatuwezi kuposa nyumba ya vitu vya jalalani."

Nilimwangalia Mboni nikitarajia aseme neno, lakini mlango wangu ulifunguliwa na Sitara akaingia, kichwa wazi, na mguuni hana hata kandambili. Bibi harusi mtarajiwa kuingia mbele ya waposaji sijawahi kuona.

"Shikamoo bibi. Kiti hicho tulikibeba wawili," alisema. "Mama mbele, mimi nyuma, toka Upanga mpaka hapa, mchana. Mimi nilijifunika uso watu wa kazini wasinijue. Leo sikujifunika. Mnaondoka, ondokeni, lakini mjue mmeniona."

Mboni alipeleka kanga mdomoni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akilia, na aliona aibu, akajifanya anakohoa. Alipotulia alimwambia Bi Zulekha kwamba kama anakitaka kiti, akichukue leo hii, yeye atapata kingine.

"Nikaikalie nyumbani sadaka ya mume wangu?" Bi Zulekha akasema. "Alitaka kifike kwa mtu. Kimefika." Akamnyooshea mwanawe mkono. "Lete hiyo barua."

Ridhiwani aliitoa polepole. Bibi aliipangusa leso iliyoifunga, akainuka kutoka kitini kwa taabu. Mbaruku alikuwa ameshanyoosha mikono kuipokea, kama mwanamume wa nyumba. Bi Zulekha alimpita, akapiga goti kwenye mkeka mbele ya Mboni, na kumwekea barua mapajani.