Mtoto wa Nitaya Asiyetakiwa Kusifiwa

Naikumbuka siku ile Tausi aliposema mtoto wa Nitaya ni mzuri. Ilikuwa Jumapili, theluji inaanguka tangu asubuhi, na sisi wawili tulipanda ngazi kutoka chumbani kwangu kule chini kwenda kumwona mzazi. Nakuandikia haya kwa mkono wangu, mwanangu. Herufi zikilala upande nivumilie, maana shule niliishia darasa la nne kule Shinyanga. Majina ya watu lakini siyasahau, na katika habari hii hakuna hata mmoja nitakayemwita fulani.

Mume wangu Elifasi na mimi tulikuwa wageni hapa Toronto. Tulipanga chumba cha chini ya ardhi huko Rexdale, katika nyumba ya Wathai. Mwenye nyumba alikuwa Nitaya, na mumewe Somchai alikuwa mwoka mikate, anaondoka kwenda kazini sisi tukienda kulala. Alikuwepo pia mama mzazi wa Nitaya. Huyo tulimwita Yai, kwa kuwa ndivyo wanavyomwita bibi mzaa mama kwao. Alikuwa mfupi, anavaa soksi mbilimbili, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza kama changu, ndiyo maana tukaelewana. Tausi alikuwa rafiki yangu, mtu wa Tanga, mcheshi, kilemba chake hakikosi. Yeye na mimi na Nitaya tulifanya kazi mahali pamoja, kiwanda cha kufungasha vyakula karibu na uwanja wa ndege.

Nyumba ile ilikuwa na mambo yake. Juu ya rafu jikoni palikuwa na kibanda kidogo chekundu cha mbao, nyumba ya mzimu anayelinda eneo. Kwao huwekwa nje, uani, ila Yai alisema mzimu gani atakaa nje na baridi hii. Kila asubuhi alimwekea wali, maji, na soda nyekundu yenye mrija. Elifasi alipoiona mara ya kwanza aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mzimu naye anahitaji mrija?" Nikamwambia, "Wewe mbona unauhitaji?" Jumatano hakuna aliyekata nywele. Kitanda hakielekezwi kichwa machweo, maana huko ndiko wanakokwenda waliokufa. Usiku hupigi mluzi. Hilo la mluzi halikunishangaza, hata bibi yangu Mbuke alitukataza, japo yeye alisema huita nyoka. Na kwao Thailand, mjusi akilia wakati unatoka mlangoni, unarudi ndani kwanza, unasubiri. Yai alilalamika sana juu ya hilo. "Nchi hii," alisema, "hata mjusi wa kukuambia subiri hakuna."

Sasa huyo Nitaya mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Ya tatu ikakaa, akajifungua mtoto wa kiume. Kwenye cheti waliandika jina refu zuri, lakini nyumbani walimwita Mu. Tulipokwisha kukaa na kupewa chai, Tausi akauliza Mu maana yake nini. Nitaya akajibu bila wasiwasi wowote, "Nguruwe."

Tausi akanigeukia. "Kabula, nimesikia sawasawa? Nguruwe?"

Hapo mimi nikaanza kuelewa. Mdogo wangu aliyezaliwa baada ya ndugu zangu wawili kufa alipewa jina la Jalala. Mama alimlaza jalalani asubuhi, jirani yetu Mama Kwandu akapita akamwokota kama kitu kilichotupwa, ili kifo kisione kwamba pale pana kitu cha thamani. Jalala yupo mpaka leo, ana duka la vipuri Kahama na tumbo kubwa. Lakini kabla sijafungua mdomo, Tausi alikuwa ameshamwonea mtoto huruma. Alidhani mtoto wa watu ametukanwa mbele ya wageni na hana mtetezi. Akainama juu yake, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ile yake ya kuita watu msikitini waje kula, "Nguruwe gani! Mtoto mzuri namna hii! Mnono, macho maangavu, mzuri kuliko watoto wote niliowaona Canada!"

Yai akainuka, akamfunika mtoto uso kwa kitambaa, akawa anasema haraka haraka, "Mbaya, mbaya, mbaya sana huyu." Nitaya alikuwa amepauka midomo.

"Kabula," Tausi akaninong'oneza, "nimekosea nini?"

Nilimweleza tukiwa tunashuka ngazi. Baadaye Yai alinieleza vizuri zaidi. Wao husema mtoto akizaliwa bado ana mama mwingine wa mizimu, na huyo mama akisikia mtoto anasifiwa atamtamani amrudishe. Kwa hiyo anayempenda mtoto humwita mbaya, na mtoto hupewa jina la nguruwe, au chura, au panya. Pale ngazini Tausi akajipiga paji la uso. "Shoga, si ungeniambia? Mimi ningemwita hata fisi!"

Jioni ile ile Mu akashikwa na homa. Yai ndiye aliyemgusa kwanza. Hakwenda kwenye kibanda chake cha mbao, mwanangu, hilo uliweke akilini. Alishuka ngazi na soksi zake, akagonga mlango wetu, akamwambia Elifasi, "Gari. Hospitali." Elifasi akawasha gari letu la zamani lililokuwa likipiga kelele kama kinu, akawapeleka. Daktari alisema ni maambukizi ya njia ya mkojo, na mtoto mchanga hivyo hawawezi kumruhusu. Akalazwa, akapewa dawa za kwenye mshipa, na baada ya siku chache akarudi nyumbani ananyonya.

Mtoto alipona. Nitaya hakupona. Maneno ya daktari aliyasikia, lakini moyoni alikuwa na maneno yake, kwamba Tausi ana jicho baya. Na kwa nini ana jicho? Kwa sababu hakujaliwa mtoto. Tausi na marehemu mumewe Hamisi walikaa miaka mingi bila kupata, na kazini kila mtu alilijua hilo. Nitaya alikuwa likizo ya uzazi lakini simu haikuwa likizo. Habari ikafika kiwandani. Kulikuwa na binti mmoja Mthai, Ratri, mjamzito, siku zote alisimama karibu na Tausi kwenye mstari wa kufungasha. Akaomba ahamishwe. Wenzake wakaacha kukaa meza moja na Tausi wakati wa chakula. Alikuwa akifungua kopo lake la wali peke yake, mtu aliyezoea kugawa.

Siku moja tukisubiri basi la barabara ya Kipling aliniambia, "Kabula, wananiita mchawi kwa lugha nisiyoijua. Nikitaka kujitetea nianzie wapi?"

Na mimi nilikuwa na langu, maana Nitaya alishatuambia Tausi asikanyage tena pale, na kama siwezi kumkataza rafiki yangu, basi tutafute chumba kwingine. Elifasi akasema, "Mama, baridi hii tutakwenda wapi? Mwambie Tausi muonane kanisani." Nikamwambia Tausi ni Mwislamu. Akasema, "Basi muonane kituo cha basi."

Niseme kwa nini jambo lile lilinikosesha usingizi. Nilipokuwa msichana, jirani yetu mmoja aliitwa Bibi Nyamizi. Alikuwa na macho mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni, kama mwanamke yeyote aliyepika maisha yake yote. Mtoto wa Mzee Sahani akafa, watu wakaanza kusema macho, macho. Hawakumpiga, Mungu aliepusha. Walimchomea ghala tu. Akafunga kanga zake akaenda kwa dada yake Tabora, na hakurudi hata kuzika ndugu. Nami nilimwona akipita njiani, na watu wazima wote wamejifungia ndani, si kwamba walimchukia, kila mmoja alimsubiri mwenzake aseme. Kwa hiyo niliposikia neno jicho limetoka kinywani mwa Nitaya, msomi mwenye nyumba ya matofali huku Canada, nilijua hiyo njia inakoelekea.

Yai mwenyewe hakuwa amejua. Mambo haya Nitaya aliyasema kwenye simu na kwetu sisi, mama yake hakumwambia. Ila aligundua Tausi haji, na maandazi aliyozoea kutuletea hayaji. Asubuhi moja nimepanda kuomba chumvi, akanichorea kilemba kichwani kwa kidole, akafanya ishara ya mkono mtupu: yuko wapi? Nitaya alikuwa pale pale anakaanga kitunguu. Niliogopa kupoteza chumba chetu, mwanangu, sikatai. Lakini nilimkumbuka Bibi Nyamizi, nikasema. Nikamwambia Yai kwa Kiingereza changu kibovu kwamba Tausi amekatazwa, na kazini hakuna anayekula naye.

Yai akazima jiko. Akaanza kusema na binti yake kwa Kithai, taratibu, kisha akamwagiza anitafsirie mimi. Basi Nitaya akasimama na mwiko mkononi anatafsiri kusemwa kwake mwenyewe, anaruka maneno, na Yai kila akiona ameruka anampiga kidogo begani arudie.

"Anasema yeye ndiye aliyenifundisha kumwita mtoto mbaya," Nitaya alisema. "Anasema alifundishwa na mama yake. Anasema..." Akapigwa begani. "Anasema desturi hiyo ni ya kumpa usingizi mama mwenye hofu. Si ya kutafuta mtu wa kumsingizia. Anasema mama yake angeona ninavyoitumia angenichapa."

Nitaya akajitetea kidogo, nikaelewa kwa uso tu. Yai akasema tena, na safari hii Nitaya alichelewa kutafsiri, machozi yanamtoka, na hayakuwa ya kitunguu. "Anasema homa tulimpelekea daktari. Hii iliyobaki ni hofu yangu, na nimempa Tausi aibebe."

Halafu Yai akaniambia mwenyewe kwa Kiingereza, "Kesho. Rafiki aje."

Tausi aligoma kwanza. "Niende nikatukanwe tena? Na wakinipa mambo ya mizimu je? Mimi naswali, Kabula." Nikamwambia mimi nitakuwepo, tukiona haifai tunatoka wote, na chumba kikienda kiende. Akaja amevaa kilemba cha sikukuu.

Yai alikuwa ametandika mkeka sebuleni, na juu yake ungo, mwanangu, ungo kabisa kama huu wetu wa kupepetea mchele, na ndani ya ungo amemlaza Mu. Kwao hufanya hivi mtoto akishazaliwa. Wao walikuwa wamekwisha kufanya, Yai akaamua kurudia. Akauinua ungo, akauzungusha polepole kama anayepepeta, akasema maneno ya kwao: siku tatu mtoto wa mizimu, siku ya nne mtoto wa watu, mtoto huyu ni wa nani? Aliyealikwa ndiye hujibu kwamba ni wake, akampokea, na kuanzia hapo mizimu haina tena madai. Alikuwa anamtazama Tausi.

Tausi akanitazama mimi. "Nijibu nini?"

"Ukitaka, sema ni wako. Hutaki, tunaondoka."

Akafikiri. Kisha akasema, "Nimeulizwa mtoto ni wa nani. Sijaulizwa Mungu wangu ni nani." Akapiga bismillahi kimoyomoyo, midomo niliiona, akanyoosha mikono. "Wangu," akasema. "Mbaya hivi hivi alivyo, wangu."

Yai akacheka mpaka akakaa chini. Nitaya alilia, akamshika Tausi mikono, akaomba radhi mbele yetu sote. Na Jumatatu akampigia Ratri simu kumweleza alivyokosea, kisha na wale wengine mmoja mmoja, maana Yai alikaa pembeni ya simu. Kazini haikuwa siku moja. Lakini Ratri alirudi kwenye nafasi yake, na alipojifungua binti, alimwita Tausi aje amtukane.

Sisi tulikaa nyumba ile mpaka tulipopata yetu. Yai amezikwa hapa hapa, mbali na mijusi yake. Tausi yupo Vaughan, mji wa jirani, magoti yamemkatalia, na Mu ndiye anayempeleka hospitali. Siku hizi ni mwanamume mwenye ndevu, fundi wa lifti. Wakimuuliza dirishani yeye ni nani kwa mgonjwa, husema mwanawe. Karani humtazama huyu, humtazama yule, huandika.

Sasa nakuambia, mwanangu. Mji huu utakuingiza katika nyumba za watu wa kila namna, na kila nyumba ina hofu yake iliyokuja nayo kutoka kwao. Usiicheke, na usikimbilie kuirekebisha hata kwa nia njema. Uliza kwanza. Mtoto akiumwa, mpeleke kwa daktari kabla ya jambo lolote, kisha fanya desturi yako na uombe Mungu wako. Imani ya mtu inayomfanya alale usiku, mwachie. Lakini siku ikianza kunyoosha kidole kwa mtu, hasa mjane, au asiye na mtoto, au mgeni asiyejua lugha ya kujitetea, hapo usinyamaze ukisubiri mwingine aseme. Sema wewe, hata kama kinachokuzuia ni paa la juu ya kichwa chako. Na akiwa ni mama yako au binti yako anayenyoosha kidole hicho, anza na yeye. Usiishie kumkaripia. Mlete yule aliyesingiziwa ndani, mketishe, mpe mtoto ambebe.

Mungu akupe nyumba yenye joto, na majirani wa kugonga mlango wako bila kuona haya. Akupe watoto wazima wa afya, nami nikijaliwa kuwaona nitajua la kuwaambia. Na siku utakaposingiziwa wewe, maana siku hiyo humfikia karibu kila mtu, asikose hata mmoja wa kusema jina lako kwa wema. Amina.