Salamu Tatu za Chapuchapu

Mpwa wangu tunamwita Chapuchapu. Kichwa chake chepesi kama changu, ila changu nilikitoa shule mapema kabla walimu hawajakiharibu. Yeye alisoma, akawa fundi mtandao wa kampuni yenye ofisi mbili. Kibarua tu. Bosi alimwahidi ajira ya kudumu akikomesha simu za wateja kufa kila waya unapokatika.

Kila ofisi ina ruta, kisanduku cha kupitishia mawasiliano. Waya unaoziunganisha ukikatika, ruta zilichelewa kugundua, wateja wakabaki kuita "Haloo! Haloo!" hewani. Chapuchapu akazifundisha kusalimiana mfululizo, upesi kuliko kupepesa jicho.

"Upo? Nipo. Upo? Nipo," alimweleza bosi. "Salamu tatu zisipojibiwa, mwenzako amekufa. Unahamia njia ya akiba, ya redio."

Mimi nisiyeijua ruta wala mama yake nilimwonya: "Ile ya ofisi ya pili si ulisema kikongwe? Basi kipe nafasi kimeze mate."

"Mjomba, haya si mambo ya wazee." Akaweka kasi ya mwisho kabisa, apate sifa.

Asubuhi ya kuonyesha kazi yake, wafanyakazi wote waliingia mtandaoni, bosi akaanza kuzungumza na mteja mkubwa. Kikongwe kikaelemewa, kikachelewa kujibu. Waya mzima, lakini mwenzake akatangaza msiba! Mawasiliano yakahamia redioni. Kikongwe kikapata pumzi, kikajibu, yakarudi. Kikafa tena. Kikafufuka. Maneno ya bosi yakamfikia mteja vipandevipande kama nyama ya buchani. Mteja akakata simu.

Bosi akamsimamisha Chapuchapu mbele ya watu. "Upo?"

Mpwa wangu akababaika.

"Upo? Upo? Haya, huyu amekufa. Mtoeni, aache funguo."

Ofisi nzima ikacheka, mpaka mlinzi. Unga ukamwagika hivyo.

Binti wa meza ya jirani akalegeza namba moja tu, ile ya kasi ya salamu, kikongwe kikapata muda wa kujibu. Siku hizi waya ukikatika hakuna anayejua. Ajira ya kudumu kapewa yeye.

Jana Chapuchapu alijikunja kwenye kochi la mama yake, dada yangu, akimpigia bosi aombe msamaha. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Dada akaacha kufua, akasimama mlangoni na mapovu mikononi. Akapiga tena. Kimya.

"Labda ana shughuli," Chapuchapu akasema. "Atachelewa tu kupokea."

"Tatu hizo, mpwa wangu," nikamwambia. "Sheria si ulitunga mwenyewe?"

Dada akanirushia kandambili. Ikanikosa, mimi huwa sisubiri salamu ya tatu.