Marahaba Bila Salamu

Usiponiamini sitakulaumu, lakini masikio haya ndiyo yaliyosikia. Nilitoka Mwanza kwa basi, likaharibika njiani, tukalala Dodoma. Nikapanda boti Dar es Salaam, nikashuka Unguja miguu imevimba. Nilikuwa nimetangatanga bara miaka mingi, na kila nilikolala niliota vichochoro vya Mji Mkongwe. Safari hii nilirudi kwa sababu shemeji yangu, Bi Mize, alinipigia simu kwamba mwanawe Idi hasemi na mtu.

Idi ni mtoto wa marehemu Salum, mdogo wangu. Idi alikuwa mhudumu wa hoteli huko Kendwa. Meneja alimfokea mbele ya wageni kwa sababu ya sahani, akamfukuza, na nafasi yake akapewa Petro, kijana anayekaa ghorofa ya chini ya nyumba yao, rafiki yake tangu wanacheza gololi. Babu yake Petro alitoka bara. Petro mwenyewe kazaliwa hapa hapa. Tangu hapo Idi alijifungia na simu, ndani ya kundi la vijana wanaowatukana watu wa bara kutwa kucha.

Alasiri moja nilipanda chumbani kwake. Umeme ulikuwa umekatika. Simu ilikuwa kitandani kando ya Idi, imezimika, haina chaji. Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka ndani ya simu ile.

"Marahaba, kaka."

Ilikuwa sauti ya Salum. Wallahi, hata kile kikohozi chake kidogo. Lakini nani alikuwa amemwamkia? Salum alikuwa mdogo wangu. Hata tukigombana alitoa shikamoo kwanza, ndipo anitukane. Hospitalini, hana pumzi, bado aliniamkia. Sasa huyu aliyepokea shikamoo ambayo sikuitoa alikuwa nani?

Mwenye sauti hakunijali tena. Alimuuliza Idi kama amelala vizuri, kama amekula. Kisha, kwa upole uleule, akamwambia kuwa Petro alimcheka siku ile ya sahani, na kwamba watu wa namna yake wasibaki ndani ya nyumba ile.

"Idi, huyo si baba yako," nikasema. "Baba yako alimpakata Petro kama alivyokupakata wewe."

Idi hakukasirika. Alinitazama kama anayetazama ukuta.

"Yeye huniuliza kama nshakula, ami. Wewe ulikuwa wapi?"

Ungejibu nini? Ile sauti ikacheka kicheko cha Salum.

Kabla ya magharibi wenzake wa kundi walikuja. Nilisimama mlangoni, Idi akanisogeza kwa bega, taratibu, kama anavyosogezwa mzee. Walimkuta Petro uani anafua, wakaanza kumpiga, Idi pamoja nao. Nilipomshika Idi mkono, ulikuwa wa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Petro hakufa. Jicho la kushoto halioni tena. Idi yuko rumande, na nilipokwenda kumwona aliniuliza kitu kimoja tu: simu yake iko wapi.

Wewe mwenye kijana aliyejifungia, usingoje apigiwe mtu simu Mwanza. Panda ngazi leo, ukae naye, hata kama hasemi. Kikikutangulia kitu kile, kitakuja na sauti anayoitamani kuliko yako.

Siku niliyoondoka kabisa, Bi Mize alinisindikiza mpaka mlangoni na hakuniuliza nitarudi lini. Kwenye simu yangu nilikuwa na ujumbe mmoja wa sauti wa Salum, wa wakati wa ugonjwa wake. Ndani ya boti niliweka kidole juu yake. Sikujua tena nitamsikia nani. Nikaufuta kabla hatujafika Dar es Salaam.