Bi Nili na Mashati ya Watu wa Mbali

Jina alilopewa na wazazi wake lilikufa mapema, likauawa na rangi. Aliingia kiwanda cha nguo akiwa binti mbichi, akapangiwa chumba cha matangi, na haukupita muda mikono yake ikawa ya bluu hadi viwikoni. Sabuni ikashindwa, limau likashindwa. Watu wakamwita Bi Nili, na hata mama mkwe wake, aliyekuwa mgumu wa mizaha, hakumwita vingine.

Miaka ile serikali ilikuwa imeufunga mlango wa nchi. Nguo za nje hazikuingia. Redio ilisema tuvae cha kwetu, na tukavaa, tupende tusipende. Pamba ilitoka mashambani kwa treni, ikasokotwa, ikafumwa, mwisho ikafika mbele ya Bi Nili, nyeupe kama mtu asiyejua neno. Naye akaizamisha. Mvuke ulijaa chumba kizima hata wenzake wakawa vivuli vinavyopita, na yeye alikoroga kwa mti mrefu, polepole, kama anayebembeleza mtoto. Kisha wizara ikaamuru wanafunzi wote wavae bluu moja. Tangu hapo kila asubuhi alipokwenda kazini aliona watoto wakimiminika barabarani, akahisi kana kwamba tangi lake limefurika usiku na kutiririka mpaka shuleni.

Mumewe alimpata humo humo. Alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia, na kwenye ukumbi wa mitambo kelele zilikuwa za kumfanya mtu asisikie hata mawazo yake. Mafundi walizungumza kwa midomo tu, bila sauti. Siku moja alisimama mlangoni kwa Bi Nili, akasema jambo refu lisilosikika.

"Nini?" akauliza Bi Nili.

Akarudia. Safari hii Bi Nili alimtazama midomo, akaelewa kila neno, akainamia tangi ili mvuke umfiche uso. Walioana. Nyumba yao ilikuwa na utulivu wa ajabu. Ungepita dirishani ukadhani hakuna mtu, kumbe ndani wanagombana.

Mambo yakageuka. Wakubwa wengine walishika usukani na redio ile ile ikaanza kusifu soko huria. Mlango ukafunguliwa. Marobota ya mitumba yakaingia, mashati ya watu wa mbali, bei ya bure. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, mwenyeji akaugua. Kiwanda kilipunguza zamu, kikapunguza watu, na asubuhi moja wakakuta geti limefungwa kwa mnyororo. Walioagwa waligawiwa vilivyobaki stoo. Mume alipata mkanda wa mashine, Bi Nili akapata madebe mawili ya rangi ya unga, akayasukuma uvunguni mwa kitanda.

Ukimya ukautawala mtaa. Mume alikuwa akiamka alfajiri na kukaa kitandani, kichwa kakipinda upande mmoja, akiusikiliza ule ukimya kama mtu anayesubiri kuitwa. Baadaye alianza kuzunguka akitengeneza cherehani za watu. Bi Nili aliuza mkaa, na bluu ya mikono yake ikawa inafifia taratibu. Hilo lilimuuma kuliko njaa.

Binti yao wa pekee alipomaliza shule hakuna aliyemwajiri. Akaingia biashara iliyokuwapo. Siku aliposhusha robota la kwanza uani, mama yake alibaki na kikombe cha chai mkononi.

"Unaingiza ndani ya nyumba yangu kitu kilichotuua?"

"Mama, shati lina kosa gani? Walioufungua mlango ndio wa kuulizwa."

"Nitawauliza wapi? Wewe ndiye ninayekuona."

Baba aliwatazama midomo, akasema bila sauti, "Nyote mna haki. Sasa nani anapika?"

Hawakucheka. Kwa msimu mzima Bi Nili hakukanyaga kibanda cha mwanawe, na kila alipopita sokoni aliangalia upande wa pili.

Halafu binti akapata robota la hasara. Mashati yote yalikuwa yamepauka, mengine ya manjano kwapani, mengine na madoa yasiyotoka. Wateja walishika wakaachia. Alasiri hiyo alirudi nalo, akaketi juu yake uani, akalia kimya kimya, mdomo ukitetemeka bila sauti, kama walivyozoea nyumbani kwao.

Bi Nili alisimama mlangoni akamsoma hadi mwisho. Kisha akaingia ndani, akapiga magoti, akayavuta madebe.

"Bandika maji," alisema. "Mengi."

Maji yalichemka kwenye pipa. Mvuke ulipompiga usoni akafumba macho, na kwa kitambo hakujua yuko mwaka gani. Alizamisha shati la kwanza. Kiwandani kila jora lilipaswa kufanana na jingine, la sivyo msimamizi angefoka. Haya hayakufanana. Moja lilinywa rangi likawa zito kama wingu la mvua, jingine likawa bluu ya moshi, na moja la nailoni likaikataa kabisa, likatoka jeupe na jeuri yake.

"Hili tulifanyeje?" binti akauliza.

"Liache. Halitaki, litalazimishwa?"

Wakacheka mpaka baba akatoka kuangalia kilichowapata.

Mashati yale yalinunuliwa yote, na watu wakauliza mengine. Wakaongeza nyekundu, kisha rangi ya majani makavu. Sera zilibadilika tena na tena. Mara redio ilitangaza kwamba mitumba itapigwa marufuku, mara kwamba itaruhusiwa. Binti alihangaika.

"Wakiufunga mlango, mama?"

"Tutatia rangi cha ndani. Wewe koroga, rangi inaganda."

Alipozeeka, mikono ikashindwa kuinua mti, binti akaupokea. Bi Nili aliwekewa kiti uani chini ya kamba za kuanikia. Mashati ya watu asiowajua yalining'inia juu yake, yakipunga mikono kwa upepo, na matone yakamwangukia mapajani, moja la bluu, moja jekundu. Hakuyafuta. Alisinzia hapo hapo mpaka nguo zikakauka.