Nilimwacha Mama Amesimama na Kikapu Kichwani

Nimekosa, na siji hapa kujitetea. Nilimkana mama yangu mzazi mchana kweupe. Nitukaneni mkitaka, ila mnisikilize mpaka mwisho, maana na mimi nina langu la kuwaambia.

Mimi ni Mhangaza wa Bugarama, Ngara. Sifichi tena.

Nina mgahawa Lusahunga, pale malori ya Rusumo yanaposimama. Nilipofika, kila aliyenisikia nikiongea alicheka, maana Kihangaza chetu kinafanana na Kirundi. "Wewe Mrundi, umevuka mpaka lini?" "Mkimbizi, lete chai!" Mwanzoni nilikuwa nawajibu. Nikachoka. Siku moja mteja akaniuliza kwetu wapi, nikasema Bukoba. Basi, matani yakaisha. Nikaanza hata kujidai Mhaya wa kuzaliwa! Upuuzi gani ule, jamani?

Hapo nikapata mchumba, kijana wa Kisubi kutoka Nemba, Biharamulo, mkulima mtulivu. Naye nikamwambia Bukoba.

Shangazi yake akaja kuniangalia. Nimempikia samaki, anakula, ananisifia mapishi. Mara basi la Ngara likasimama. Akashuka mama yangu, kavaa kitenge chake cha kanisani, kikapu kichwani, kibuyu cha pombe ya ndizi mkononi. Alikuwa amesikia nina mchumba.

"Mwana wanje!" akaita kwa furaha.

Kwa mama yangu, mgeni mwenye mzigo hautui mwenyewe. Anasimama mlangoni, mwenyeji anainuka kumpokea. Ukikaa tu, umemfukuza. Ndivyo alivyotulea. Basi mama akasimama pale, akaningoja.

Nikabaki nimeshika mwiko.

"Huyu nani?" shangazi akauliza.

"Mama mmoja tu Mrundi, huwa analeta maharage."

"Mbona anakuita mwanawe?"

"Wa kule huita kila mtu hivyo."

Na mama Kiswahili anakisikia vizuri! Alinitazama. Shangazi ndiye aliyeinuka, mikono ina mchuzi. "Shikamoo mama, lete mzigo." Mama akaitika marahaba, akanywa maji, akavuka barabara kungoja gari la kurudi. Kikapu alikiacha. Jioni nilipokifungua nilikuta maharage, ndizi, na chini kabisa kitenge kipya cha kumpa mama mkwe. Mungu wangu!

Nikajipa moyo kwamba yameisha. Yaishe wapi! Posa haipelekwi hewani, washenga walitaka kufika kwetu. Nikapanda gari mpaka Bugarama, nikapiga magoti uani. Mama alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso. Kumbe siku ile, alipokuwa anangoja gari, watu walimwambia mwenye mgahawa ule ni Mhaya wa Bukoba.

"Wapeleke Bukoba," akasema. "Kwa mama yako wa huko."

Nikarudi nikamweleza mchumba wangu kila kitu. Shangazi akaja mwenyewe. Nilidhani atanisimanga kwa Uhangaza wangu. Thubutu!

"Mhangaza tungemuoa kwa vigelegele," akasema. "Lakini mimi, mtu baki, nimempokea mama yako mzigo, wewe mwanawe wa kumzaa umeshika mwiko. Kesho nikija na kikapu mimi, utasema mimi nani?"

Uchumba ukafia pale. Nililia mpaka wateja wakawa wanajipakulia wenyewe.

Sasa nimemaliza kulia. Nimeandika ukutani kwa rangi nyekundu: MGAHAWA WA BINTI WA BUGARAMA. Aliyekereka apite, Lusahunga migahawa haijaisha! Juzi dereva kaniita Mrundi. Nikamwekea sahani mbele yake, nikamwambia mimi Mhangaza, babu zangu wamezikwa Ngara. Na hata ningekuwa Mrundi, kosa langu lingekuwa nini? Ugali si ungekula huu huu? Kala, kalipa. Kesho yake karudi, kasalimia vizuri kabisa.

Nyinyi mliozoea kutuuliza tumevuka lini, acheni. Hatujavuka kokote, tupo kwetu! Na aliyevuka naye ni mtu, analima, anasali, anazika kama nyinyi. Lakini siwasingizii. Siku ile hakuna aliyenishika mkono nisiinuke. Nilikaa mwenyewe.

Na wewe mwenzangu wa Ngara, wa Biharamulo, unayejiita wa kwingine huko Mwanza na Dar ili watu wasikucheke, nakuonya. Waache wacheke! Siku moja mama yako atashuka kwenye basi na kikapu kichwani, mbele ya hao hao unaowaogopa. Inuka haraka.

Mimi siku hizi basi la Ngara likisimama natoka mbio, mwiko natupa huko, nawapokea mizigo akina mama wa watu. Wangu bado hajashuka.