Risasi ya Kulungu wa Baba

Baba alizipanga risasi zangu tatu juu ya kitambaa cha meza, pembeni ya dawa zake za asubuhi, akavaa miwani na kuanza kuzijaribu moja moja kwa kidole gumba. Hivyo ndivyo alivyojaribu visu tangu nikiwa mtoto, na sikumbuki mnoaji aliyewahi kumridhisha. Mimi nilisimama mlangoni mwa jikoni, koti la kazini bado mwilini, nikingoja hukumu.

"Hii goroli, butu," alisema, akaisukuma kando. "Hii nayo butu, ina mdomo wazi kama kifaranga. Hii hapa ndiyo risasi."

Aliyoipenda ilikuwa ya shaba tupu, nyembamba, yenye ncha kama ya sindano ya kushonea magunia. Nami nilikuwa nimekwisha ambiwa kwamba kwa kulungu hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Mimi si mtu wa bunduki. Nilikuwa karani wa mishahara katika ghala la mizigo huko Brampton, Kanada, nikiishi Richmond Hill na mume wangu na baba, na kiumbe pekee niliyewahi kumwua alikuwa panya wa chini ya sinki. Lakini mwaka ule moyo wa baba ulichoka. Alitoka hospitali theluji ikiyeyuka, akiwa hataki chakula. Daktari hakutaja muda. Alisema tu tuifaidi hali ya hewa nzuri pamoja naye, na nikaelewa alichokuwa akikwepa kusema.

Nilimpikia kila nilichokijua. Pilau, mchicha wa karanga, uji wa ulezi, samosa za kima alizokuwa akizila zikiwa bado zinachoma. Alionja kijiko kimoja, akanishukuru kama mgeni, akasukuma sahani. Shukrani zile ziliniudhi kuliko kama angenitukana. Siku moja nilipandisha sauti, nikamuuliza basi anataka kula nini hapa duniani. Akajibu papo hapo, kana kwamba alikuwa akisubiri kuulizwa: nyama ya mwindo. Swala wa Singida, wa kuchoma kwa chumvi na ndimu, nyuma ya duka la babu yangu ambako wawindaji walikuwa wakija kununua baruti. Alipoitaja akameza mate. Nilimwona kwa macho yangu, na tangu siku ile sikuwa na mpango mwingine.

Ghalani kwetu kulikuwa na msimamizi wa zamu, mzee wa Kizungu mwenye shamba kaskazini, mwindaji tangu ujanani. Nilipomsimulia habari za baba, kesho yake aliniletea paja la kulungu lililogandishwa. Baba alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama, kisha akanirudishia.

"Mwambie ahsante sana, ni mtu mwema. Lakini mimi siwezi kula."

Nilijua asingeweza. Maulana wetu alikuwa amenieleza kwenye simu kwamba masharti ya nyama ya mwindo si mengi ila yanabana. Anayepiga awe Mwislamu. Ataje jina la Mungu anapopiga. Akimkuta mnyama yu hai, amchinje. Akimkuta amekufa, nyama ni halali ikiwa silaha ilikuwa kali na ikaupasua mwili. Lakini ikiwa imemwua kwa kishindo tu, kama jiwe, basi hapo pana shaka. Nikamuuliza kuhusu risasi zinazofunguka zikiingia mwilini, je, hizo nazo ni kali? "Binti yangu, mimi sijawahi kushika risasi," alisema. "Wewe ndiye unayeishika. Itazame."

Mume wangu huzimia akiona damu. Mtoto wa pekee ni mimi. Kwa hiyo nikasoma kozi ya bunduki na kozi ya uwindaji, nikafanya mitihani, mwanamke mwenye hijabu katikati ya wanaume wenye kofia za nembo za matrekta, na wala hawakunibughudhi. Msimamizi wangu alikubali kunipeleka shambani kwake Desemba. Sehemu ile bunduki za kawaida za raifo haziruhusiwi, ila bunduki za kushindilia kwa mbele, baruti kwanza, risasi baadaye. Nilipomweleza baba, alicheka hadi akakohoa.

"Yaani gobore! Tumevuka dunia nzima kuja Kanada kutumia gobore!"

Nilicheka naye. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu hospitali.

Lakini gobore la Kanada lina mambo yake. Risasi yake ni nyembamba kuliko mtutu, kwa hiyo huvalishwa kikombe kidogo cha plastiki ambacho wauzaji hukiita saboti. Kikombe huibana risasi ndani ya mtutu, na kikitoka nje hufunguka na kuanguka, risasi ikaenda zake peke yake. Kikilegea, risasi inakwenda inakotaka. Kikibana mno, mikono kama yangu haiwezi kuishindilia hadi chini, hasa plastiki inapokakamaa kwa baridi. Vuli nzima nilijaribu saboti shambani kwa yule mzee, viganja vikinichubuka kwa fimbo ya kushindilia, mpaka nikapata za rangi ya samawati zilizokubaliana na mtutu na mikono yangu.

Saboti zilikuwa kazi rahisi. Mgogoro ulikuwa risasi. Mzee alipanga madumu ya maji, nikapiga. Ile ya ncha ya sindano ilipita madumu yote ikiacha vitundu vidogo, maji yakichirizika polepole. Ile ya mdomo wazi ililipasua dumu la kwanza vipande vipande.

"Umeona?" alisema. "Hiyo ya kwanza itamtoboa na kupita. Atakimbia na maumivu yake, labda hadi kesho. Katika shamba langu hapigwi mnyama kwa kitu hicho."

Hakusema kwa ubaya, lakini nilijua hatabadilika. Na baba nilimjua pia. Basi nikarudi dukani, muuzaji akanipa ya kusuluhisha: yenye mdomo wazi, lakini imechomekwa ncha ya plastiki nyekundu, kali kabisa. Niliona nimeshinda. Baba aliijaribu kwa gumba, akatikisa kichwa kukubali, kisha akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akaing'oa ile ncha kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na shimo.

"Kifaranga wako umemvalisha kofia," alisema.

Nilikaa kwenye kiti nikalia. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilimwambia miezi yote hii nimechubuka mikono kwa ajili yake, kwamba yule mzee hatakubali ile ya sindano, kwamba msimu ni wiki moja tu, na kwamba mwakani... Wote wawili tulijua habari ya mwakani.

Baba aliiweka ile ncha nyekundu juu ya meza, akaitazama kwa muda.

"Mzungu anasema kweli?" aliuliza. "Ile ya sindano inamchelewesha kufa?"

"Ndiyo, baba."

Akavua miwani. Akaanza kunisimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia, nami nilidhani habari za Singida nimezimaliza zote.

"Babu yako alikuwa hanunui nyama ambayo hakuichinja yeye mwenyewe. Wawindaji walijua. Kwa hiyo walikuwa wanapiga wasiue. Mguu, tumbo, popote, halafu wanamfunga na kumleta akiwa hai. Siku moja wameleta swala jioni, babu yako yuko msibani. Hakurudi mpaka asubuhi. Yule swala alilala nyuma ya duka usiku kucha, miguu imefungwa, tumbo limepigwa. Nilimpelekea maji kwa kopo, hakunywa. Alikuwa ananitazama tu. Asubuhi babu yako karudi, kamchinja vizuri, kisheria kabisa. Tukamchoma kwa chumvi na ndimu." Akaikunja miwani. "Mama, alikuwa mtamu. Ndiye huyo ninayemtaja kila siku."

Baba huniita mama akiwa na jambo zito.

"Chukua yenye mdomo," alisema. "Aanguke palepale."

"Na wewe je?"

"Wewe kimbia na kisu. Ukimwahi, mchinje. Usipomwahi, mimi nitakula wali na mtindi. Nimeuzoea."

Alikuwa anaitoa tamaa yake ya mwisho kana kwamba ananirudishia chenji. Nilitamani kumkatalia, nikashindwa, kwa sababu alikuwa sahihi.

Asubuhi ya mwindo baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nilikuwa nimezihifadhi saboti mfuko wa ndani, karibu na mwili, zisikakamae. Nikamimina baruti, nikashindilia risasi mpaka alama ya fimbo ikanionyesha imefika chini, nikaweka fataki ya kuiwasha baruti. Tulikaa nyuma ya ukuta wa mawe, tumevaa fulana za rangi ya chungwa, mzee akinong'ona kila mara nivute pumzi. Kulungu jike alitokea pembezoni mwa mahindi yaliyovunwa, akasimama ubavu. Nikasema bismillah kwa sauti, kwa sauti kabisa, nikaogopa nimemshtua. Aliinua masikio. Nikavuta kifyatulio.

Moshi wa baruti ulifunika kila kitu. Niliiweka bunduki ukutani, nikachomoa kisu na kukimbia ndani ya moshi ule, mzee nyuma yangu akinipigia kelele nisikimbie na kisu mkononi. Theluji ilikuwa inanishika magoti. Njiani niliiona saboti yangu ya samawati, imelala juu ya theluji, imefunguka. Nikairuka. Nilikuwa naomba kwa Kikachi, lugha ya nyumbani kwetu, kwa Kiswahili, kwa kila lugha ninayoijua, awe hai kidogo tu. Kisha nikasikia ninachokiomba, na nikaona aibu, lakini sikuacha kuomba.

Alikuwa amelala mahali palepale alipokuwa amesimama. Niligusa jicho lake kwa ncha ya kidole na hakupepesa. Nikakata shingo hata hivyo, nikielekea kibla kwa kukisia, na damu ikatoka taratibu, bila nguvu. Mzee alifika akihema, akaniambia hajaona mnyama aliyeondoka bila maumivu kama yule. Nilipiga magoti kando ya kulungu nikalia tena. Safari hii haikuwa hasira.

Tulipokuwa tunamchuna, mzee alipapasa bega la upande wa pili, akakuta uvimbe mgumu chini ya ngozi. Akapasua kidogo, nami nikaivuta risasi kwa vidole. Ilinikata. Ule mdomo wa kifaranga ulikuwa umefunguka na kujikunja nyuma, vipande vya shaba vimesimama pande zote, kila kimoja na makali yake.

Nyumbani sikuzunguka. Nilimwambia baba kwamba sikumwahi.

"Basi," alisema, akatazama mikono yake. Kisha akaitazama yangu, akauliza, "Kidole kimefanya nini?"

"Risasi imenikata."

"Hebu ilete."

Niliiweka juu ya kitambaa cha meza. Alivaa miwani, akaizungusha, kisha akapitisha gumba lake polepole kama kawaida yake. Damu ikatoka mara moja. Kwa zile dawa za moyo alizokuwa akinywa haikukatika, ikabidi nimfunge gumba kwa karatasi ya jikoni, nikimgombeza. Hakunisikiliza. Alikuwa bado anaitazama risasi.

"Nani alisema hii ni butu?"

"Wewe, baba."

"Ilikuwa butu mezani," alisema. "Ndani imepasua. Jina ulilitaja?"

"Nililitaja."

"Kabla ya kuvuta?"

"Kabla ya kuvuta, kwa sauti. Nusura akimbie."

Aliigeuza tena ile risasi. Najua alikuwa anaogopa kujihalalishia kitu kwa sababu ya tamaa. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Hukumu ilikuwa yake na tumbo lilikuwa lake. Mwishowe akasema nitafute ndimu.

Nilifagia theluji juu ya jiko la gesi nyuma ya nyumba, nikachoma nyama nimevaa koti na viatu vya baridi, mume wangu akinishikia mwavuli. Nilimkatia baba vipande vidogo. Akachukua kimoja kwa mkono ule uliofungwa karatasi, akatafuna polepole, macho amefumba. Akameza. Nilisubiri ile shukrani ya mgeni, lakini haikuja.

"Alianguka palepale?" aliuliza.

"Palepale, baba."

"Hakulala akingoja mtu."

"Hapana. Hakungoja."

Akafumbua macho, akavuta sahani karibu na kifua chake, akaniambia niongeze chumvi.